Taa Ndogo Nyekundu

Swali ninalotaka tulitafakari katika kurasa hizi ni hili: mtu anayetuonya, je, yuko nje ya jambo analotuonya, au yumo ndani yake? Katika miaka yangu 36 ya ualimu nililijibu swali hili kila siku bila kuliuliza hata siku moja. Nilidhani mwonyaji yuko nje. Nilimwona kama mtu aliyesimama kando ya njia akipiga kelele huku wenzake wamejitwisha mizigo. Aliyenionyesha kuwa nilikosea si mwanafalsafa, wala shehe, wala padri. Ni fundi wa umeme wa magari hapa Nkome, kijana anayeweza kuwa mjukuu wangu, na somo lenyewe alinipa akiwa amelala chali chini ya dashibodi ya Land Rover yangu.

Ndugu msomaji, kwanza nikueleze habari za gari hilo. Ni Land Rover ya chesisi ndefu, ya dizeli, katika zile ziitwazo Series III, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1971 na zikakoma mwaka 1985. Niliipata katika mnada nilipokuwa nakaribia kustaafu, nikarudi nayo nyumbani mwaka 2010, wakati Geita yetu ingali wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wenyewe tuliupata mwaka 2012. Wanangu huniuliza kwa nini nisinunue gari dogo la Kijapani kama watu wengine. Nawajibu kwamba mzee hamtupi mzee mwenzake. Kazi yake ni kubeba mahindi, kushuka mwaloni kuchukua dagaa, kwenda Nzera, mara moja moja kufika Geita mjini, na usiku, kama ilivyo kwa kila mwenye gari kijijini, kuwa gari la wagonjwa la majirani.

Katika dashibodi yake mna taa ndogo nyekundu ya betri. Ukigeuza ufunguo inawaka. Injini ikinguruma inazimika. Hayo ndiyo niliyoyajua, na nadhani madereva wengi hawajui zaidi ya hayo. Basi ikatokea wakati taa hiyo ikaacha kuzimika kabisa. Mchana huioni, lakini usiku ilibaki na mwanga hafifu, kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Nikajiuliza: gari linawaka? Linawaka. Betri inalala? Hailali. Miezi mitatu ikapita bila tatizo lolote, nami nikahitimisha kuwa taa ile ni mwongo. Siku moja kijana mmoja alikuwa akinitengenezea honi, nikamwambia, "Hebu toa na hiyo globu, inanikera macho usiku." Akaichomoa na kunipa. Nikaitia mfukoni, na sijui iliishia wapi. Usiku ule niliendesha gari kwa raha kubwa.

Hapo ndipo mkasa ulipoanza, ingawa sikujua kuwa umeanza. Gari la dizeli la zamani kama langu lina siri moja: likishawaka halihitaji tena betri ili liendelee kunguruma. Injini ya petroli hutaka cheche wakati wote, na cheche ni umeme. Mafuta ya dizeli huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kwa hiyo unaweza kuendesha kutwa nzima ilhali alteneta haizalishi kitu chochote, wala usijue, mpaka utakapozima na kutaka kuwasha tena. (Nimewahi kuziona ofisi za namna hiyo, zinazonguruma miaka na miaka kwa nguvu za jana.)

Asubuhi moja niligeuza ufunguo, stata ikagonga mara moja ikanyamaza. Vijana wakanisukuma. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, nikanunua nyingine. Baada ya miezi minne hiyo nayo ikalala. Fundi wa pili akasema betri za siku hizi ni za kughushi, nikanunua nyingine tena, ya bei kubwa zaidi. Betri mbili katika miezi saba, kwa pensheni ya mwalimu! Wala siwalaumu mafundi hao. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba niliwahi kutoa globu, na sikuwaambia kwa sababu nilikuwa nimesahau. Jambo ambalo mtu amelinyamazisha kwa mkono wake mwenyewe ndilo analolisahau upesi kuliko yote.

Kulikuwa na kioja kimoja. Kila niliporudi kutoka Geita mchana, njia ikiwa kavu na mguu wangu umekanyaga vizuri, gari liliwaka kwa ufunguo kwa siku mbili tatu. Nikizunguka hapa hapa kijijini, linakufa. Nililisimulia jambo hilo kibarazani kwa mzaha, kwamba Land Rover yangu inapenda mjini. Watu walicheka. Sikujua kuwa ndani ya mzaha ule mlikuwa na jibu zima.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2019 jirani yangu alinigongea dirisha. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jioni, na mkunga alikuwa amesema apelekwe Geita upesi. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanaume watano walilisukuma gari kwenye matope mpaka likawaka, tukaondoka: mimi, jirani, mkewe na shangazi wa mkewe. Tope lilitulazimisha kutambaa. Hesabu ya usiku ule nimeifanya baadaye, nami nakupa nawe uione: taa kubwa mbili za mbele, wati 60 kila moja, ni wati 120, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea 10 zinazotoka kila dakika. Alteneta iliyolala haikuwa ikirudisha hata moja. Kabla ya kufika Nzera taa zikawa na rangi ya njano kama ya kibatari, kisha zikawa nyekundu, kisha sikuona njia. Jirani yangu alikaa juu ya boneti akiwa na tochi, mkono mmoja ameshika tochi, mwingine ameshika kioo cha pembeni, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akiuma kanga yake ili asipige kelele. Nilijua kwamba injini ikizimika hatutaiwasha tena. Hapakuwa na watu wa kusukuma. Akapita kijana wa bodaboda aliyekuwa anarudi kwake kulala. Aligeuza pikipiki bila kuulizwa, akatutangulia na taa yake mpaka mjini.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, wa kike, mzima, na mama yake mzima. Watu walinipongeza kwa ushujaa, nami nilizipokea pongezi hizo. Leo ningeona haya kuzipokea.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa fundi wa tatu, yule kijana niliyemtaja. Karakana yake ni kivuli cha mwembe na benchi la mbao, karibu na njia ya kushukia mwaloni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nataka betri ya kudumu."

"Betri tutaizungumza baadaye, Mwalimu. Kwanza tuiulize hii uliyo nayo."

Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha dukani. Akaiwekea mita: volti 12 na nukta sita. Akasema hiyo ni betri yenye afya, haina kosa. Tukawasha injini, akapima tena: 12 na nukta tatu. Akaniambia alteneta ikifanya kazi mita lazima ipande hadi 14 au karibu yake. Ikishuka maana yake betri inatoa tu, haipokei. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba. Ulikuwa umekaza sawasawa. Akagusa waya mnene nyuma ya alteneta, umeme wa betri ulikuwepo. "Barabara kubwa ni nzima," akasema. Kisha akachomoa waya mwembamba, wa kahawia wenye mstari wa njano, akaniomba nigeuze ufunguo bila kupiga stata. Akaugusa kwa mita. Hamna kitu.

Kilichofuata nilikitazama kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Fundi alichukua globu ndogo aliyoiunganisha na nyaya mbili, upande mmoja akaushika kwenye chanya ya betri, upande wa pili akaugusisha pale alipochomoa ule waya mwembamba. Globu ikawaka. Akaniashiria niwashe injini. Injini iliponguruma globu ikazimika, na mita ikaruka hadi 14 na nukta moja. Akanitazama akitabasamu.

"Alteneta yako ni nzima, Mwalimu. Haina wa kuiamsha tu."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia. Fizikia niliiacha kidato cha nne, na haikunisikitikia. Kwa hiyo nilimwomba anieleze, naye akanieleza kwa subira ambayo ningependa wakufunzi wangu wote wangekuwa nayo. Alteneta, alisema, ni sumaku inayozungushwa katikati ya nyaya. Lakini sumaku yake si ya kuzaliwa. Ni chuma kilichozungushiwa waya, ambacho huwa sumaku pale tu kinapopewa umeme. Sasa umeme huo wa kwanza utoke wapi, ikiwa mashine yenyewe bado haijazalisha? Unatoka kwenye betri, unapita kwenye ufunguo, unapita ndani ya ile taa ndogo nyekundu, unafuata waya mwembamba, unaingia kwenye alteneta. Taa yenyewe ni ya wati mbili na nukta mbili, yaani haifikishi hata sehemu ya tano ya ampea moja. Hicho ndicho kijitone kinachoamsha mashine yenye uwezo wa kutoa ampea thelathini na zaidi. Ikishaamka, hujilisha yenyewe. Umeme wake unakuja mpaka upande wa pili wa taa, pande mbili zinalingana, na penye kulingana hakuna kinachopita. Ndiyo sababu taa huzimika.

Na zile safari za Geita? Chuma hubaki na usumaku kidogo hata kikilala, na kikizungushwa kwa kasi sana huweza kujiamsha chenyewe. Njia ikiwa kavu nilikipa kasi. Kwenye tope, na hapa kijijini, sikukipa. Si magari yote yaliyofungwa hivi, aliongeza. Mengi ya Kijapani huamshwa kwa waya mwingine. Ya kwangu ndivyo yalivyo.

Kisha akaingia chini ya dashibodi. Nikasikia sauti yake kutoka mle ndani: "Mwalimu, hapa kuna tundu tupu. Nani alitoa globu?"

Sikujibu upesi.

"Mimi," nikasema.

Akaweka mpya, ambayo bei yake ni kama ya soda. Tulipowasha, taa ikazimika, lakini si kabisa. Kaa lile lile la moto chini ya majivu likaonekana alipoliwekea kiganja kuzuia jua. Fundi akacheka. "Kumbe hii ndiyo iliyokuwa inakukera?" Akafuatilia waya mpaka nyuma ya swichi ya ufunguo, akakuta kiungio kimeota kutu, akakisugua kwa msasa na kukikaza. Mwanga ukatoweka. Taa niliyoiita mwongo ilikuwa inasema kweli tupu: pande zako mbili hazilingani, kuna mahali umeme unapotea njiani. Haikujua ni wapi. Kazi yake haikuwa kujua wapi.

Ndugu msomaji, mtu akifika umri wangu, kila anachojifunza kinarudi nyuma kutafuta mtu. Hiki kilirudi miaka karibu 30, katika chuo kimoja cha ualimu nilichokuwa mkuu wake, kikamkuta mkufunzi wa hisabati.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini katika kila kikao cha wakufunzi, tulipofika kwenye "Mengineyo", wakati kila mmoja ameshafunga daftari lake na anafikiria chai, yeye alisimama. "Mkuu, wanachuo tunao 380. Ningependa kujua maharage yaliyoingia mwezi huu ni gunia ngapi, na yaliyopikwa ni gunia ngapi." Hakumtuhumu mtu. Aliuliza, akaketi. Mtunza stoo alifungua kitabu, akasoma, na mkufunzi akaandika tarakimu zile kwenye kijidaftari chake. Mwezi uliofuata akasimama tena.

Nilichoka. Nilimwita ofisini nikamwambia maneno ambayo wakuu wa kazi wengi huyapenda, nami niliyapenda mno: "Mwalimu, ukiniletea tatizo niletee na ufumbuzi." Akajibu, "Mkuu, bado sijui kama kuna tatizo." Niliona ni jeuri. Nikaandika barua kwa wakubwa wangu kupendekeza ahamishwe, na katika barua ile nikatumia maneno yetu ya kiserikali yasiyo na mlango wala dirisha: kwa manufaa ya umma. Alihamishwa. Alikuja kuniaga, akanishukuru, akaenda.

Baada ya hapo vikao vyetu vilipungua urefu kwa nusu saa nzima. "Mengineyo" ikabaki neno tu kwenye karatasi. Nilijisifu kwa wageni kwamba chuo changu kina utulivu.

Mwaka wa pili wanachuo waligoma kula. Walisema maharage ni maji matupu, na ilipofanyika hesabu stoo ikaonekana ni pungufu kwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukieleza. Chuo kilifungwa wiki mbili. Wanachuo walitawanyika makwao kwa mabasi na malori, na tulipofungua wasichana wawili hawakurudi. Mmoja nilisikia ameolewa. Wa pili sikusikia lolote. Wote wawili walikuwa wamebakiza miezi michache wawe walimu. Hao ndio ninaowafikiria, zaidi ya gunia za maharage.

Kwa muda mrefu nilijiambia: laiti yule mkufunzi angekuwepo, angeniambia mapema. Hilo lilikuwa fikira la mtu anayedhani mwonyaji yuko nje. Siku ile chini ya mwembe niliona kwamba jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mtunza stoo alikuwa yule yule kabla na baada. Wapishi walikuwa wale wale. Swali lilipokuwepo, mtunza stoo alipima gunia kila Jumamosi mbele ya wapishi, kwa mizani, kwa sababu alijua siku ya kikao itafika na mtu atasimama. Mimi mwenyewe nilipita stoo mara moja kwa mwezi, nisije nikaumbuka. Sote tulikuwa watu wazuri, na uzuri wetu ulikuwa unaamshwa na kijitone kile cha swali. Swali lilipoondoka hakuna aliyeamua kuwa mwizi. Tulilala tu, na penye usingizi mwizi hakosekani.

Wasomi watanikumbusha Sokrate wa Athene, ambaye mwaka 399 kabla ya Kristo wananchi wenzake walimhukumu kunywa sumu. Yeye alijifananisha na nzi aliyewekwa juu ya farasi mkubwa, mvivu kwa sababu ya unene wake, ili amuume asilale. Niliwafundisha wanachuo mfano huo kwa miaka mingi na niliupenda. Lakini utazame vizuri. Nzi si sehemu ya farasi. Ukimpiga nzi akafa, farasi angali farasi mzima, ila atasinzia. Mfano huo, kwa kadiri ulivyo mzuri, bado unamwacha mwonyaji nje, na labda ndiyo sababu watu wa Athene hawakuona hasara waliyokuwa wanajitia. Taa ya Land Rover inakwenda mbali zaidi ya hapo. Yenyewe ni kipande cha njia ya umeme. Ukiitoa, umekata njia.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa huku kwetu wangenielewa bila mfano wa gari. Ndani ya duara wanaweka matimba, magogo ya kushikilia kuta na dari ya udongo. Gogo likianza kulia, kwa mlio wa nyuzi zake kukatika, mchimbaji mwenye akili hutoka. Hakuna anayesema, "Gogo hili lina kelele, liondoeni." Gogo linalolia ndilo lililobeba mlima.

Najua msomaji aliyewahi kuongoza ofisi ana pingamizi, na ni pingamizi la haki. Atasema: Mwalimu, si kila anayelalamika ni taa. Kuna watu ambao hata jua likichomoza wataandika barua. Nakubali. Katika chuo kile kile nilikuwa na mkufunzi mwingine aliyelalamikia chaki, upepo, kengele, na sauti ya mke wa dereva. Kama ningemfuata kila aliposimama, nisingepata muda wa kufundisha wala wa kulala. Mkuu anayewaamini waonyaji wote anaharibu kazi kama yule asiyemwamini hata mmoja. Kwa hiyo tutawatofautishaje?

Sina kipimo cha jumla, na namwogopa mtu anayesema anacho. Lakini namkumbuka fundi. Yeye hakuiamini taa wala hakuikanusha, aliweka mita. Ilimchukua chini ya nusu saa. Mizani ya stoo ilikuwa inaning'inia ukutani, ya kwetu wenyewe, nzima. Kupima gunia zote kungechukua alasiri moja. Mimi nilitumia siku tatu kuandika barua ya uhamisho na kuisahihisha, maana nilitaka Kiswahili chake kiwe safi. Kosa langu halikuwa kutomwamini mkufunzi. Pengine hakustahili kuaminiwa, sijui. Kosa ni kwamba nilimpima mtu mahali pa kupima gunia. Nilijiuliza ana jeuri gani, ametumwa na nani, anataka cheo cha nani. Sikujiuliza hata mara moja maharage ni kiasi gani.

Na lile sharti la kuleta ufumbuzi, ambalo naona bado linasifiwa maofisini, nalitazama sasa kwa wasiwasi. Linaonekana kama hekima. Kwa kweli ni namna ya kuwafunga midomo wale wanaoona tofauti lakini hawana funguo za stoo. Taa inajua jambo moja tu, kwamba upande huu na upande ule havilingani. Tukiitaka ijue na kutu iko wapi, tunaitaka iwe fundi, nasi tunabaki tukiwa nani?

Nimejaribu kutafuta methali ya Kiswahili itakayonisaidia hapa, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maishani. Tunayo "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Ni methali nzuri, na nilipokuwa mkuu niliipenda mno; niliiandika kwenye ubao wa matangazo mara nyingi. Lakini mkuu naye asikie la nani? Nadhani tulio wakuu ndio tuliozitunza methali, tukazihifadhi zile zinazotufaa.

Mwaka uliofuata nilifanya safari. Nilikuwa nimesikia kwamba yule mkufunzi amestaafu na amerudi kwao Ukerewe. Nilikwenda Mwanza, nikapanda meli hadi Nansio, nikauliza, nikaelekezwa. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani na wajukuu zake. Alinitambua mara moja, akaniita "Mkuu" kama zamani, akaagiza kiti. Tulipomaliza kula nilimweleza yote: barua niliyoandika, mgomo, wasichana wawili, taa, usiku wa Nzera, fundi. Sikumwomba radhi kwa ufasaha. Maneno yalinipotea, mimi mwalimu wa lugha.

Alisikiliza akiendelea na mahindi. Kisha akasema, "Mkuu, hata mimi sikuwa na uhakika. Nilikuwa nauliza tu."

Tukakaa kimya kidogo. Akaniuliza bei ya globu. Nikamtajia. Akauliza bei ya betri ya kwanza, nikamtajia, na ya pili, nikamtajia. Akaacha mahindi, akatazama juu kidogo kama alivyokuwa akifanya kwenye kikao, midomo yake ikasogea bila sauti, nami nikajua anajumlisha.